Tumbaku ya Siku ya Kwanza Suva

Mume wangu Tekinaiti hakuivuta ile tumbaku. Naanza na hilo kwa sababu uvumi kwamba aliivuta ndio unaosemwa katika maneaba, ukumbi wa kijiji, watu wanaposubiri mkutano uanze, na sasa umewafanya wazazi wa vijana wawili wawakataze watoto wao kusafiri na mjukuu wangu Rotia. Wote watatu wamepata nafasi chuoni Suva, ng'ambo ya bahari, na safari ni Jumanne. Inasemekana mtu akifuatana na ukoo wetu harudi. Tekinaiti alifariki mwaka jana, hawezi kujibu. Mimi nilikuwepo.

Tulikuwa watatu pia tulipokwenda chuoni huko, Februari 1981: Tekinaiti, Baraniko na mimi. Tekinaiti mnamjua. Miaka thelathini aliwafundisha hesabu, na hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Hata kicheko chake kilikuwa cha mabega tu. Baraniko wengi wenu hamkumwona. Alilelewa na bibi yake, alikuwa mtani, na aliamini kila alichoambiwa na yule mama. Bibi huyo ndiye aliyetufungia vipande vitatu vya tumbaku katika jani la mkadi. Alimkabidhi Tekinaiti kwa kuwa ndiye asiyepoteza vitu. Mkifika, alisema, msile wala msinywe kabla ya kuiweka ufukweni na kujipaka mchanga mbichi mashavuni, ili nchi ile iwajue. Hakuwa anatufundisha jambo geni. Kila kisiwa tulichowahi kukanyaga tulifanya hivyo.

Tulishuka kwenye basi la kutoka uwanja wa ndege, Suva, saa saba mchana, mvua ikinyesha. Sikuwa nimewahi kuona mlima, wala ghorofa, wala watu wengi kiasi kile wasiosalimiana. Mzee mmoja alitubebea masanduku kwa mkokoteni hadi kwenye teksi, akasimama akingoja. Hatukuwa na pesa ndogo.

"Twende ufukweni kwanza," Baraniko alisema.

Nilikuwa nimeshika nafasi ya kwanza katika mtihani wa visiwa vyote, na nililijua hilo kila dakika. Wanafunzi wa Tonga na Samoa waliokuja na basi lile walikuwa wanatutazama.

"Baraniko, hapa ni mjini," nikamwambia. "Unataka tupakwe mchanga kama watoto, hawa wanaangalia?"

"Mwalimu mkuu kasema," Tekinaiti alinitania.

Furushi lilikuwa mkononi mwake. Nililichukua mimi, nikampa mzee wa mkokoteni. Alinusa, akafurahi, akaondoka nalo. Hivyo ndivyo tumbaku ilivyokwenda. Tekinaiti alibaki ameuacha mkono wazi, kama bado una kitu.

Tulikula chapati na mchuzi, tukanywa maji ya bomba. Baraniko hakugusa chochote. Alikaa ameegemea mlango wa bweni akitutazama tunavyotafuna.

"Nchi haijawajua, na nyinyi mmeshakunywa maji yake," alisema.

Nikamjibu aende akajitambulishe peke yake basi, na atusalimie hiyo nchi.

Hakukasirika. "Pumzikeni, wakubwa," akasema. "Nitawaletea mchanga wenu."

Pwani ya Suva upande ule haina mchanga. Kuna ukuta wa mawe, na chini yake, maji yakipwa, ni tope jeusi hadi kwenye mikoko. Sisi tumezaliwa juu ya matumbawe. Mtoto wetu wa miaka mitano anajua kusoma wimbi, lakini tope hatulijui. Hatukujua kwamba ardhi inaweza kumshika mtu miguu isimwachie. Baraniko aliacha ndala zake juu ya ukuta, akashuka kutafuta mchanga mbele zaidi. Wavuvi walisikia mtu akiita kwa lugha wasiyoielewa. Walipofika, maji yalikuwa yamejaa.

Tuliuona mwili wake jioni ile, jua halijazama. Mashavu yake yote mawili yalikuwa na alama ya tope, na maji hayakuwa yameiosha. Katika mkono wa kushoto alishika leso yake, imefungwa fundo. Polisi aliyeifungua alidhani ni pesa. Lilikuwa tope, mafungu mawili, limetenganishwa kwa kipande cha jani. Tekinaiti alichukua fungu lake akajipaka palepale, analia, mbele ya watu wote. Mimi niliipeleka leso bombani nikaifua mpaka maji yakatoka meupe.

Tuliporudi nyumbani, bibi yake Baraniko aliuliza jambo moja tu, tumbaku ilikwenda wapi.

"Ilikuwa mkononi mwangu," Tekinaiti alisema.

Watu wakamalizia wenyewe, kwamba aliivuta. Nilikuwa nimekaa pembeni yake.

Mnasema pia kwamba nyumba yetu ina mtu. Hilo ni kweli. Huja alasiri, maji yanapojaa, husimama kizingitini na haingii. Kisiwa hiki chote ni mchanga mweupe, lakini nimefagia tope jeusi mlangoni pangu tangu siku ya harusi yangu, kabla watoto hawajaliona. Daima ni fungu moja. Tekinaiti alikuwa akiniambia, "Lipokee, yaishe." Nilikuwa nachukua ufagio.

Kwa hiyo waacheni watoto wenu waende na Rotia. Hakuna ubaya katika damu ya mume wangu. Tumbaku niliitoa mimi, kwa mkono huu ninaoandikia. Jumanne nitapanda ndege pamoja nao, nina vipande vinne, na hakuna atakayekunywa maji kabla hatujafika ukutani.

Mtaniuliza kwa nini nilimwacha mtu mwema abebe lawama yangu mpaka kaburini. Hilo sitalijibu, wala mkutanoni, wala kanisani. Msije nyumbani kuniuliza.