Waya Haukupita

Baba alirudi kutoka India amevaa koti jipya la kijivu, na kabla hajavua viatu alikwisha kuwatangazia watu waliojaa sebuleni kwamba mshipa wa moyo umezibuliwa. Alieleza kama fundi wa karakana ya reli alivyokuwa: wanatoboa hapa kwenye kinena, wanapitisha mpira mwembamba mpaka moyoni, halafu waya, halafu kiputo cha kutanua njia. Wazee wakaitikia alhamdulillahi. Mama alicheka huku analia, na papo hapo ikapangwa siku ya maulidi, kwa sababu alikuwa ameweka nadhiri.

Mkoba wa baba niliufungua mimi. Nilikuwa mwalimu, na karatasi za Kiingereza nyumbani kwetu zilikuwa kazi yangu. Barua ya daktari ilikuwa fupi. Mshipa mmoja mkubwa ulikuwa umeziba kabisa, tena tangu zamani, na kilichouziba kilikuwa kigumu. Wamejaribu mara mbili, waya haukupita, wakaacha wasije wakautoboa. Anywe dawa, asibebe kitu kizito, na akiweza arudi apasuliwe kifua. Akiweza! Rufaa moja ya serikali ya kutibiwa nje tuliisubiri mpaka tukakata tamaa ndipo ikatoka, na sasa karakana yenyewe ilikuwa inapunguza watu.

Nikamfuata uani, anatawadha.

"Baba, barua nimeisoma."

"Haya, umesoma." Akaendelea kuosha miguu. "Kigombe nzima wamenisomea dua, mwanangu. Mama yako kafunga Jumatatu na Alhamisi tangu niondoke. Nije niwaambie Mungu hakusikia?"

"Waambie waya haukupita."

"Kwao ni hilo hilo. Na mama yako usimwambie."

Darasani nilikuwa nawatuliza watoto sitini kwa jicho moja, lakini kwa baba nilishindwa. Nilikasirika, nikairudisha barua mkobani.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Baada ya kupanga foleni ya sukari na sabuni muda wote ule, maduka ya Tanga yalikuwa yamejaa marashi, redio na juisi za boksi. Vidonge vya baba vya kuweka chini ya ulimi havikuwapo. Nilizunguka famasi zote nikiambiwa njoo wiki ijayo, na siku moja nikamfokea muuzaji ambaye hakuwa na kosa lolote. Vilivyobaki baba alivitumia kwa kificho, amegeukia ukutani. Akienda msikitini alisimama kila baada ya nyumba tatu kumjulia mtu hali, pamoja na mkewe na watoto wake. Majirani wakasema tangu atoke India amekuwa mpole, anajua kusalimia. Mimi nilijua anatafuta pumzi.

Kisha akafa mtoto wa ami yake, huko kijijini Kigombe. Tukaenda wote. Kwetu jeneza halina wachukuzi maalumu. Linapita bega kwa bega, kila mwanamume anataka thawabu yake, na ndugu anayekaa nyuma husemwa mpaka mwaka wa pili. Wanawake hatufiki makaburini. Nilikuwa nimesimama na mama kwenye ua wa makuti jeneza lilipotoka, nikamsikia mzee mmoja akisema, "Mpisheni msafiri wetu wa India, naye abebe."

Baba alinitazama mara moja tu. Sentensi moja ingetosha: haruhusiwi kubeba. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo, mama akanishika mkono, uso umemng'aa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Mtazame baba yako," akasema.

Nikamtazama. Akaingiza bega, wakaondoka na dhikiri kwa ule mwendo wao wa haraka, wakapotelea kwenye minazi. Sijawahi kukaa mkekani muda mrefu kama siku ile.

Alirudi kwa miguu yake. Midomo ilikuwa imepauka, akaketi barazani akaomba maji. Nilifurahi kiasi cha kuanza kuwaza kwamba labda madaktari wa India walikosea. Nilitaka sana wawe wamekosea.

Siku kumi baadaye, asubuhi, alianguka akifunga shuka yake. Alikata roho kabla hatujapata gari.

Wanasema mficha maradhi kilio humuumbua. Kilio chetu hakikumuumbua mtu. Waliokuja matangani walisema India walimtibu vizuri, ila ahadi imefika, na mimi niliwapokea na kuwashukuru. Siku ya hitima, watu walipopungua, mama alisogea karibu yangu kwenye jamvi.

"Afadhali walimzibua," akasema. "Angekufa na mshipa wake umeziba, nisingejisamehe."

"Kweli, mama," nikasema.