Fundi Kimya na Baraza la Mwenyekiti

Fundi seremala huyu anaitwa Kimya, na mgeni akilisikia jina hilo hutarajia mtu mpole wa maneno machache. Mgeni hudumu na matarajio yake mpaka Kimya afungue mdomo, yaani kwa muda mfupi sana. Kimya huongea akipima, huongea akikata, huongea akiwa amebana misumari kwenye meno, na wanaomfahamu wanasema hapo ndipo anapoeleweka vizuri zaidi.

Jina alilipata kwa kazi, si kwa tabia. Sakafu iliyopita mikononi mwa Kimya hailii. Ngazi yake hailii, kitanda chake hakilii hata kikilaliwa na watu wazito wasioelewana. "Ubao ukilia," hupenda kusema, "jua kuna fundi aliyestahili kulia kabla yake." Akishasema hivyo hutulia kidogo, ili msikilizaji apate nafasi ya kumsifu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimwaibisha: geti la nyumbani kwake. Lilikuwa likilia kama mbuzi aliyesahauliwa kambani. Aliwahi kulisogelea na kopo la mafuta, mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Geti hilo niachie."

"Mama watoto, mimi ni fundi. Watu wanapita, wanasikia."

"Wasikie."

Kimya akalihesabu jambo hilo kuwa fumbo la ndoa, akaliweka pale ambapo waume huweka mafumbo ya aina hiyo, nyuma kabisa ya kichwa, karibu na siku ya kuzaliwa ya mama mkwe.

Sasa, kulikuwa na nesi mmoja aliyekuwa akiishi na mama yake katika nyumba yenye baraza la mbao kwa mbele, limeinuliwa juu ya nguzo fupi. Mama huyo mtaa mzima unamwita Mwenyekiti. Ana kiti, ana baraza, na kwa sheria za lugha yetu hakuna kinachopungua. Macho yake yalikuwa yamebakiwa na mwanga na kivuli tu, lakini vikao havikuahirishwa. Nesi akienda kazini, Mwenyekiti alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akapokea wapitao, akauliza habari ambazo tayari alikuwa nazo.

Baraza lenyewe lilikuwa limechoka kuliko wajumbe wake. Kuvu ya kijani ilikuwa imetambaa upande usiopata jua, misumari ilikuwa imechomoza vichwa kana kwamba inachungulia, na ubao mmoja wa katikati ulikuwa umeoza kwa ndani huku juu ukiendelea kuonekana mwaminifu. Ubao huo ndio ulioleta mashaka. Mwana mkubwa wa Mwenyekiti, mtu wa ofisini anayeishi ghorofani upande wa pili wa mji, alikuja kumjulia hali mama, akaukanyaga, na mguu ukazama mpaka gotini. Walipomchomoa, kiatu kilibaki chini. Akatoa hukumu akiwa bado na kiatu kimoja: mama haoni, baraza bovu, dada anashinda kazini. Mama atahamia kwake.

"Nikafanye nini huko?" akauliza Mwenyekiti.

"Utapumzika, mama. Kuna lifti, kuna mlinzi, kimya kabisa."

"Kimya kabisa," Mwenyekiti akarudia, kama mtu anayesomewa kifungo. "Nitakuwa nasikiliza friji."

Nesi akaingilia kati. Je, baraza likitengenezwa, na kaka akaona kwa macho yake kwamba mama anaweza kushinda hapa peke yake bila shida? Kaka akakubali kuja kuangalia mwisho wa mwezi, kwa sauti ya mtu ambaye chumba ameshakipaka rangi. Siku ile ile nesi akamwita Kimya.

Kimya alilikagua baraza kwa furaha ya daktari aliyepata mgonjwa wa maana. Kwanza alilifagia, akachokoa uchafu ulioshindiliwa kati ya ubao na ubao. Kisha akalisugua kwa maji ya sabuni na brashi ngumu, akifuata nyuzi za mbao zilivyolala, na akimweleza Mwenyekiti, aliyehamishiwa dirishani, kwa nini wanaosugua kwa kukata nyuzi wangefaa kufanya kazi nyingine. Lilipokauka, akapita na bisibisi akichoma kila ubao. Palipo pazima, bisibisi ilikataa. Palipooza, iliingia kama kwenye mkate.

"Unamchoma nani huko?" Mwenyekiti akauliza.

"Namtafuta aliyemmeza mwanao, mama."

"Ukimpata msalimie. Hakumtafuna hata kidogo."

Akang'oa zilizooza, akaweka mpya. Akang'oa pia zilizokuwa nzima lakini zenye tabia mbaya, ule ubao wa mwisho wa ngazi hasa, ambao ulikuwa ukilalamika hata ukiguswa na paka. Misumari yote ikatoka, skrubu zikaingia. Juu ya kila boriti akatandika vipande vya mpira wa tairi, ili mbao zisisuguane na kitu chochote duniani. Hakuna aliyemwomba azinyamazishe. Kwa Kimya, kumwomba hivyo ni sawa na kumwomba mwokaji atie unga. Mwisho akapiga msasa, akapaka mafuta ya mbao, na familia ikatumia mlango wa nyuma mpaka yakakauka.

Asubuhi ya kwanza Mwenyekiti aliporudi kwenye kiti chake, Kimya alikuja kupokea sifa. Alipanda ngazi, akavuka baraza, akasimama mbele ya mama aliyekuwa ameelekeza uso barabarani na kikombe cha chai mkononi.

"Shikamoo mama!"

Kikombe kiliruka. Fimbo ikafuata, ikampata ugokoni.

"Mwizi!"

"Ni mimi, mama! Fundi!"

"Fundi gani anayeota mbele za watu kama uyoga?"

Kimya, akijisugua mguu, alitabasamu. Maneno yale aliyachukua kama cheti. "Si nilisema? Halilii hata kidogo."

Hapo nesi akatoka ndani, amevaa sare, akivuka baraza kwenda kazini. Mwenyekiti akageuka, akatega sikio, akasubiri, kisha akasema kwa adabu zote, "Muuza maziwa, leo niongezee na ya jioni."

Nesi akasimama. "Mama. Ni mimi."

Nesi akaketi kwenye ngazi na sare yake nyeupe, jambo ambalo kwa kawaida asingelifanya. "Kaka anakuja Jumamosi," akasema. "Akiona hivi, hata chai hatakunywa. Atabeba begi tu."

"Fundi," akasema Mwenyekiti, polepole, "umewapeleka wapi watu wangu?"

"Watu gani, mama?"

"Huyu binti yangu hukanyaga ubao wa ngazi kwa kisigino, ukasema *ngeee*. Muuza maziwa ana haraka, kwake unasema *nge-nge*. Jirani wa kushoto, yule mnene, ubao wa ngazi humguna kabla hata hajainua mguu wa pili. Nilikuwa nawajua wote hawajafungua mdomo. Leo nimekaa kama niko stendi."

"Lakini mama, zilikuwa zinalia."

"Kwako zilikuwa zinalia. Kwangu zilikuwa zinaongea!"

Kimya alirudi nyumbani. Geti likalia. Mkewe, akiwa jikoni, akauliza bila kugeuka, "Unaumwa nini?"

"Umejuaje?"

"Geti umelifungua polepole, halafu ukasimama katikati. Ukiwa mzima unalipiga teke."

Kimya akaliangalia geti, akamwangalia mkewe, akaliangalia geti tena. "Kwa hiyo miaka yote hii..."

"Ulidhani napenda muziki wake?"

"Ulikuwa unanichunga!"

"Nilikuwa nabandika chai, mwanaume wewe. Au ulidhani huwa inajichemsha yenyewe ukiwa njiani?"

Akakaa. Akamsimulia yote, na mkewe alicheka mpaka akauweka mwiko chini. Aliporudiwa na pumzi akauliza, "Na ule ubao wenyewe, wa ngazi, umeutupa?"

"Nilikuletea, pamoja na wenzake."

"Basi kuku wanaulalia bandani."

"Itabidi wahame."

"Wahamishe wewe. Na uwaeleze mwenyewe."

Kuna kazi ambazo hakuna mwalimu anayezifundisha. Kimya alikuwa ametumia maisha yake yote kuzuia mbao kulia, na sasa ilimbidi aulize ubao hulia vipi. Alirudi barazani, akaanza na ubao mpya wa ngazi, akaondoa skrubu, akatia misumari katika matundu makubwa kidogo, akaukanyaga.

"Hapana," akasema Mwenyekiti kutoka kwenye kiti. "Huyo ni bata."

Akaondoa mpira. Akakanyaga.

"Huyo ni mlango wa kabati. Nami sina wageni wanaokaa kabatini."

"Mama, hii ni mbao, si kinanda."

"Kwako."

Akafunga ubao kwa skrubu moja, akaufunga kwa kamba, akautia vumbi la msumeno. Fundi mwenzake akapita na baiskeli, akasimama, akasikiliza kwa umakini usiopendeza. "Kimya, hiyo si inalia?" Kimya akamjibu kwamba anapima unyevu.

Mwishowe akaleta ule ubao wa kuku. Akaukwangua mavi, akauosha, akaupaka mafuta ufanane na wenzake, akaurudisha mahali pake juu ya boriti tupu, kwa misumari ile ile ya zamani. Ila chini yake akasimika boriti nyingine nzito, ili uwe huru kulalamika upendavyo lakini usipate nafasi ya kuvunjika. Akamwomba nesi apite.

*Ngeee.*

Mwenyekiti alinyoosha mkono hewani, upande ule ule ambao binti yake alikuwa amesimama.

Jumamosi mwana mkubwa alifika. Kimya alikuwepo, eti amekuja kuchukua randa aliyoisahau, ingawa randa alikuwa nayo mkononi. Mgeni aliegesha gari mbali. Kwa kuwa gotini mwake bado mlikuwa na kumbukumbu, alipanda ngazi kwa ncha za vidole.

*Nge... e... eee.*

"Karibu, mwanangu," akasema Mwenyekiti, uso barabarani. "Mbona unanyata kama mwizi? Na umenenepa."

Mwana akasimama. Akamwashiria dada yake apite badala yake, huku amejiziba mdomo.

"Huyo dada yako. Mchezo gani huu, watu wazima?"

Akamwashiria Kimya. Kimya akapita.

"Na huyo fundi. Anakanyaga pembeni kwa sababu ana aibu zake."

Mwana akacheka, ingawa hakuwa amekusudia. Akazunguka baraza lote akipiga kisigino, akasimama pale alipowahi kuzama, akarukaruka. Baraza likamstahimili. "Imara," akakiri. Kisha akarudi kwenye ubao wa ngazi, akaubonyeza, ukalia. "Lakini jamani, fundi gani huyu? Kazi nzuri yote hii, halafu anaacha ubao unalia hivi, tena mlangoni! Mngeniambia. Kule kwetu kuna mtu, mbao zake husikii kitu."

Kimya akafungua mdomo. Mkono wa Mwenyekiti ukakaza kwenye kiti. Nesi akaangalia viatu vyake. Kueleza kungekuwa rahisi, tena kutamu, na Kimya alikuwa na maelezo ya kutosha mpaka jua lizame. Lakini akieleza kwamba juzi tu, bila ubao ule, mama alimwagiza binti yake maziwa, chumba cha ghorofani bado kilikuwa kinanukia rangi, kikimsubiri mama.

"Huo umenishinda, mzee," akasema. Kisha akafunga mdomo, na ukabaki umefungwa.

"Usimlaumu, mwanangu," akasema Mwenyekiti kwa huruma kubwa. "Si kila fundi ana kipaji."

Nesi akapatwa na kikohozi, akaingia ndani.

Mwana akavuta kigoda, akaketi karibu na mama yake, akanyoosha miguu. Alikaa muda, akinywa chai. "Basi, mama," akasema hatimaye. "Kaa kwako. Lakini kila mwisho wa mwezi nitakuja kukagua."

"Uje. Nitakusikia."

Kimya alirudi nyumbani na ule ubao mpya begani, aliouondoa kumpisha mkongwe. Akalipiga geti teke. Birika likabandikwa kabla hajafika uani. Jioni hiyo, kwa randa na msasa na vipande vya mpira uliobaki, aliwatengenezea kuku sakafu, na aliifanya kwa bidii ya mtu mwenye maneno mengi aliyoyameza. Wapo hapo mpaka leo. Wanapanda, wanashuka, wanasukumana, na ubao hausemi chochote.