Darasa la Tofali Mbichi

Tofali tulichoma wenyewe, sisi wazazi. Wanawake tukateka maji mtoni, wanaume wakapanga tanuru. Kwetu Mbozi kila mtu anajua tofali za pembeni haziivi. Zinawekwa kando, zirudi motoni kwenye tanuru lijalo. Lakini diwani alishawaahidi wakubwa wa wilaya kwamba darasa litafunguliwa kabla ya mvua. Tanuru lijalo halikuwepo. Zile mbichi, ukizikwangua kwa ukucha zinatoka unga, zikaingia ukutani pamoja na nyingine, zikashikwa kwa udongo, zikapakwa chokaa. Utepe ukakatwa, wali ukaliwa.

Masika yalipoingia, ukuta wa nyuma ukapasuka kuanzia dirishani hadi chini. Binti yangu wa darasa la tatu alikaa hapohapo. Akarudi na vumbi kwenye nywele. "Mama, mwalimu anasema tusiegemee."

Tusiegemee! Nikamzuia nyumbani. Mgambo akaja: mtoto akiendelea na utoro, mama anakwenda mahabusu. Mume wangu alikuwa Tunduma akipakua malori, na mgongoni nilikuwa na kitoto kichanga. Nikamrudisha shule.

Diwani alipokuja kwenye mkutano wa kijiji pale uwanjani pa shule, mvua ikaanza. Nikasimama.

"Mheshimiwa, karibu ndani. Tuongelee kwenye darasa ulilolifungua mwenyewe."

Akacheka. "Hapa panatosha, mama. Mvua ni baraka."

"Suti italowa."

"Wewe binti, kaa chini!" mwenyekiti wa kijiji akafoka.

"Nitakaa. Ila ndani, anapokaa mwanangu. Na yeye aje tukae wote."

Bibi mmoja akadakia kutoka nyuma, "Ingia, baba! Au unaiogopa chokaa yako?"

Watu wakaangua kicheko. Diwani aliutazama ule ukuta, nilimwona. Alijua. Akasema mkutano umeahirishwa, akaingia kwenye gari.

Tulishangilia, wajinga sisi. Kesho yake kengele ikagongwa kama kawaida.

Nikamwambia binti yangu, "Ukisikia mlio wowote, usiombe ruhusa. Kimbia."

"Na wenzangu?"

Akaingia. Nikakaa uwanjani kwenye unyevu, mtoto mgongoni, macho kwenye ule ufa, mpaka walipotoka. Nikarudi siku iliyofuata, na iliyofuata. Mahindi yangu mwaka ule yaliliwa na magugu.