Udi Ndani ya Pikapu ya Baba

Sisi tuliokua Chukwani miaka ile tunajua kwamba baridi ilikuwa kitu cha kuombwa. Barafu ya ukwaju ilinunuliwa kwa jirani, ukainyonya ukitoka chuoni kusoma Kurani mpaka vidole vikafa ganzi, na mwenzako akakusihi angalau umwachie mfuko alambe. Basi baba yangu, aliyekuwa akichukulia watu mbao kwa ujira, aliponunua pikapu kuukuu ya dizeli yenye kiyoyozi, watoto wa mtaa mzima tuliacha mpira wetu wa nage uwanjani. Tukapanga foleni kuingiza mkono dirishani tuguswe na ule upepo. Baba alituruhusu kwa zamu, hesabu ya kumi, halafu, "Haya, mwenzio naye."

Mama alikuwa na furaha yake mwenyewe. Kila Ijumaa asubuhi, nguo zikishafukizwa, alikichukua chetezo akakiweka sakafuni mwa pikapu, akatia udi juu ya makaa, akapandisha vioo. Kisha akamwambia baba awashe feni ili moshi uenee vizuri. "Mtu hendi msikitini na gari linalonuka dizeli," alikuwa akisema.

Mwaka haujesha, baridi ikaanza kufifia. Baba akaipeleka pikapu Mtoni kwa fundi Makame, mtu mwenye kofia iliyoloa grisi, aliyetengeneza viyoyozi kwa kusikiliza zaidi kuliko kutazama. Gesi ikajazwa, baridi wapi. Mkanda ukabadilishwa, bado joto. Safari ya tatu tulikwenda sote, mama naye akiwemo. Fundi akafungua dashibodi, akatoa kile kisanduku cha mapezi membamba ambamo hewa hupita ikapoa. Mapezi hayakuonekana. Yalikuwa yamezibwa na masizi yenye kunata, na gereji nzima ikanukia kama chumba cha bibi harusi.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Nshafungua magari mengi, Bi Zuhura," alimwambia mama. "Hili ndilo la mwanzo kuliona limefukizwa."

Mama aliinamisha uso, akavuta ncha ya buibui akaziba mdomo. Nilimwonea huruma, maana nilijua baba atamgombeza mbele ya watu. Baba akasema, "Mimi ndiye nnayewasha feni." Kisha akamgeukia fundi. "Kikiziba tena, utakiosha?"

"Ntakiosha."

"Basi tutakuja kila mwaka."

Na kweli, kila mwaka kabla ya Ramadhani tulikwenda Mtoni, fundi akasugua mapezi kwa mswaki wa zamani na povu la sabuni, sisi watoto tukila ubuyu nyuma ya pikapu mpaka midomo ikawa myekundu. Maji yalitoka meusi yenye harufu nzuri. Mama alikaa kwenye kigoda akisimamia kazi, hana haya tena hata chembe.

Mama alifariki mwaka juzi. Baba ana maradhi ya moyo sasa, na daktari kamkataza joto. Gari langu lina baridi ya kutosha lakini hapandi. Anataka pikapu yake, ambayo kiyoyozi chake kilikuwa kimekufa, na kwa kuwa haiendeki na joto lile, akawa hatoki kabisa. Hata Ijumaa alisali nyumbani peke yake. Jambo hilo liliniuma kuliko maradhi yenyewe.

Nikaipeleka pikapu kwa mjukuu wa fundi Makame. Kijana aliegemeza simu juu ya injini, akitazama video huku akifungua nati. Vijana wa leo, hata bisibisi wanaiulizia mtandaoni. Lakini nisimsengenye, kazi aliijua. Aliziba palipovuja, akajaza gesi, na kisanduku kile akakiosha kwa dawa mpaka mapezi yakang'aa kama mapya. Baridi ilitoka ya kuumiza meno.

Ijumaa baba akavaa kanzu, akapanda. Nilifurahi mno. Akanyoosha mkono kwenye upepo kama sisi zamani, akavuta pumzi, akavuta tena. Halafu akazima.

"Baridi ipo," alisema. "Mamaako hayumo."

Akateremka, akarudi ndani.

Siku hizi harufu ya gari inauzwa dukani, kikaratasi unachotundika kwenye kioo, kikiisha unakitupa. Enzi zetu ilitoka mkononi mwa mtu, na mtu huyo ulimjua. Sikuwa nimefikiria kwamba ndiyo aliyokuwa akiisubiri baba muda wote ule.

Ijumaa iliyofuata nilikitoa chetezo cha mama kabatini. Nikachochea makaa, nikakiweka sakafuni mwa pikapu, nikatia udi, nikapandisha vioo. Baba alisimama mlangoni na kikoi chake, ananitazama. Akaja polepole, akafungua mlango wa dereva, akawasha feni.