Tuta la Mwenzako

Mume wangu Pantaleo hupima pamba mizanini, hapa Shinyanga mjini. Ni kazi halali, lakini nimechoka kuulizwa na majirani wa Ngokolo mtu aliyefika chuo kikuu anatafuta nini kwenye magunia.

Alifukuzwa mwaka 1967, akiwa mwaka wa pili. Kosa lake alilitoa kwao, shambani. Kwao vijana hulima kwa kundi, kila mmoja na tuta lake, na anayewahi kumaliza hanyooshi mgongo. Huingia kwenye tuta la aliyechelewa, wote watoke pamoja. Kumwacha mwenzako nyuma ni aibu ya ukoo mzima. Basi siku ya mtihani Pantaleo alimaliza mapema, akamwona Akida, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, kalamu imemganda mkononi. Hakuombwa. Akamsogezea karatasi yake waziwazi, kama anayempa mtu maji. Msimamizi akamshika palepale.

Mjinga, nilimwambia tulipooana, na bado nasema. Sheria walisomewa siku ya kwanza, wote wakatia saini. Yeye alidhani inakataza kuiba. Kutoa, nani anakataza kutoa?

Mwaka huu, 1987, binti yetu Esta kachaguliwa chuo kile kile. Pantaleo amekosa raha, maana Esta ni yeye mtupu. Juzi tu kaacha mahindi yetu juani, kaenda kumtwangia jirani yetu Mama Tabu yake.

Asubuhi ya safari, tukingoja treni stesheni, baba mtu akamwambia Esta lililokuwa moyoni.

"Mama, ukimaliza mtihani inamisha kichwa. Usimtazame mtu."

"Hata kama analia, baba?"

"Hata kama analia."

"Mbona wewe ulitazama?"

"Ndiyo maana nakwambia."

Nilimjua mwanangu. Lilikuwa linakuja swali ambalo miaka yote hii nimeogopa kumwuliza mume wangu.

"Na huyo Akida, walipokutoa nje, alifanya nini?"

Pantaleo aliinama akakaza kamba ya sanduku, ingawa ilikuwa imekazwa tangu nyumbani.

"Alikuwa ameshaona jibu," alisema. "Akaendelea kuandika."