Taratibu wa Kanda ya Bluu

Wenzake walimwita Taratibu, na si kwa kumsifu. Vijana wa bodaboda huendesha kama wanaofukuzwa na nyuki; yeye aliendesha kama amebeba trei ya mayai. Abiria wenye haraka zao walimkwepa. Mimi nilipanda pikipiki yake miaka kumi na moja, alfajiri kwenda kazini na alasiri kurudi nyumbani.

Ni dobi wa hospitali. Mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, vyote hupita mikononi mwangu. Mume wangu aliondoka kwenda kutafuta kazi miaka kumi na sita iliyopita, na naona bado anaitafuta. Nayasema haya mapema ili asije mtu akaniuliza nyumbani nilikuwa namwahi nani.

Taratibu, kabla ya pikipiki, alikuwa mpasua mbao. Msumeno ulimla vidole viwili vya mkono wa kushoto, akaacha mbao kabla mbao hazijammaliza. Klachi aliibana kwa vidole vilivyobaki, na hukujua kama anavyo pungufu mpaka akupe chenji. Mkewe alifariki, binti yake akaolewa mbali. Nyumbani kwake, aliwahi kuniambia, anayemjibu ni redio. Helmeti ya abiria alikuwa nayo moja, na ndani yake nilimshonea kitambaa cha shuka lililofutwa kwenye orodha ya hospitali. Hapo msinisemee. Mtu mwingine akitaka kuivaa, Taratibu alimwambia ina ufa.

Asubuhi mimi si mtu wa kusemeshwa, hata paka wangu analijua hilo. Alasiri ndiyo ilikuwa yetu. Nilimmwagia visa juu ya bega: nesi mkuu kasema nini, mashine imetapika maji wapi, daktari gani kaacha meno ya bandia kwenye mfuko wa koti. Yeye alinisikiliza kwa kisogo. Nilikijua kisogo kile kuliko sura yangu, na nilijua mvi zake zilianzia sikio lipi. Akicheka, mabega yalipanda. Nilikuwa naokota visa kutwa nzima ili tu mabega yale yapande. Tukifika kwangu alizima injini, akakaa kidogo kama mtu aliyesahau kitu, kisha akasema, "Haya dada, kesho." Baada yangu hakubeba mtu tena.

Ndipo baraza la mji likaamka. Likasema bodaboda wamezidi na hawajulikani nani ni nani. Kila dereva ajisajili, alipe ada ya mwaka, apewe kizibao chenye namba na rangi ya kanda yake. Mji ukakatwa vipande viwili: upande wa hospitali njano, upande wa kwangu bluu, na mpaka wao ni kalvati la barabara kuu. Kushusha abiria, ruksa popote. Kupakia, ndani ya kanda yako tu. Ukikutwa unapakia kwa wenzako, pikipiki inakwenda kulala barazani.

Fomu iliuliza: Kituo chako ni kipi? Madereva wote wa lango la hospitali waliandika lango la hospitali. Taratibu akaandika kituo cha mtaani kwangu.

"Umerogwa?" nilimuuliza aliponijia na kizibao cha bluu.

"Kituo cha dereva ni pale anapozima injini siku ikiisha," akasema. "Ndivyo tulivyofundishwa na waliotutangulia."

"Baraza linauliza unapopakia, si unapozima."

"Wangeandika hivyo basi. Mimi nimejibu nilichoulizwa."

Nilikuwa na jibu la kumchubua ngozi, nikalimeza. Mtu ameandika mlango wako kwenye karatasi ya serikali, utamtukana vipi?

Basi asubuhi akawa ananileta, nami kimya kama kawaida yangu, na alasiri haruhusiwi kunichukua. Siku ya kwanza alikuja langoni kwa mazoea, wenye vizibao vya njano wakamzunguka. Mwenyekiti wao akamwambia, "Mzee mwenzangu, rudi kwenu kabla sijamwita askari." Akarudi. Nilimwona akiondoka na helmeti yangu imening'inia kwenye usukani.

Kijana wa njano alinifikisha nyumbani kwa dakika saba. Taratibu alikuwa anatumia ishirini. Nilishuka na visa vyangu vyote mdomoni, vikachacha humo humo. Nikajaribu kumsimulia paka, akaenda kulala jikoni. Wiki tatu hivyo. Mtu akinichekesha kazini nilikasirika, maana kicheko kile sikuwa na pa kukipeleka.

Nikaenda barazani kuuliza atahamiaje njano; asubuhi anilete yeyote, mradi alasiri anirudishe yeye. Karani alinitazama juu ya miwani.

"Kuhama kanda ni kubadilishana, mama. Apatikane wa njano anayekubali kwenda bluu, watie sahihi wote wawili, fomu inifikie Ijumaa kabla ya saa kumi na moja. Ikipita hapo, tuonane mwakani. Wewe ni nani wake?"

"Abiria."

"Abiria ndiye anayehangaika hivi?"

"Hospitali tunafua mashuka ya watu tusiowajua, baba. Nipe fomu."

Langoni nilimaliza soli za viatu. "Mama Mashuka," mwenyekiti akaniambia, "hapa asubuhi kuna wagonjwa, mchana kuna wanaokuja kuwaona, alasiri kuna nyinyi. Nani aache shamba akalime jiwe?" Alhamisi nikampata mmoja, anaitwa Kishindo, aliyekuwa amegombana na mwenyekiti na yuko tayari kuhamia hata kuzimu mradi asimwone tena. Akatia sahihi juu ya tangi la mafuta.

Ijumaa saa kumi nikatoka, fomu iko kwenye mkoba, nikamkuta Taratibu langoni. Ameshuka, anaisukuma pikipiki, jasho linamtoka. Mwenyekiti alikwisha kumwita askari wa baraza.

"Unatafuta nini kanda ya watu?" askari akauliza.

"Sijapakia. Nasukuma."

Askari akatoa karatasi ya sheria, akaisoma mbele, akaigeuza, akaisoma nyuma. "Kusukuma hakumo," akakiri.

"Na huyu mama je?" mwenyekiti akadakia.

"Huyu mama anatembea kwa miguu yake," nikasema. "Au miguu nayo imepakwa rangi?"

Tukaondoka. Miaka kumi na moja nilikaa nyuma yake. Sasa nikawa ubavuni. Kumbe ana pengo upande wa kushoto. Kumbe akisikiliza huuma mdomo wa chini. Nilianza kisa cha mashine nikakipoteza katikati, kwa sababu alikuwa ananitazama, na sikuzoea kusimulia huku natazamwa.

Nikampa fomu. Akaiegemeza pikipiki kwenye nyonga, akaisoma polepole kama anavyofanya kila kitu.

"Kishindo ametia sahihi."

"Ametia. Imebaki yako. Ofisi ni ile pale mbele, haijafungwa."

"Nikitia, Jumatatu nakupakia langoni."

"Kama zamani."

"Dakika ishirini."

"Ishirini."

Akasukuma hatua kadhaa. "Kwa miguu, hapa mpaka kalvati ni karibu saa nzima," akasema, macho yako barabarani. "Leo nimepiga hesabu nikija."

Mimi, ambaye nesi mkuu mwenyewe huuogopa ulimi wangu, nikahamishia mkoba bega la pili.

Tukafika usawa wa ofisi. Dirisha la karani lilikuwa wazi, mkono wake unaonekana ukigonga mihuri. Taratibu akasimama.

"Unatakaje, dada?"

"Miguu inaniuma," nikasema. Na ilikuwa kweli. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri.

"Basi tuingie, nitie sahihi."

"Sikusema inauma sana."

Akaitazama miguu yangu. Kisha akaikunja fomu mara nne, akaitia mfukoni, akashika usukani. Tulipita mbele ya dirisha na karani hakuinua kichwa. Kalvati lilikuwa bado halijaonekana. Nikapunguza mwendo, naye akapunguza, na kile kisa cha mashine nikakianza upya.