Kipande cha Nguru Kutoka Sinia la Wanaume

Siku ile ya kipande cha nguru naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiisimulia najikuta nimekaa wima. Nilikuwa nimeolewa kijijini Kiswere, nina mimba ya kwanza, na wanawake wa mtaani walikuwa wamenifunza kula kidogo ili mtoto abaki mdogo na uzazi uwe mwepesi. Nikatii kupita kiasi. Asubuhi uji kidogo, jioni ugali wa muhogo na mchuzi mtupu, maana samaki walikwenda kwa wanaume. Nikasifiwa kwamba nina adabu, na sifa hizo zikawa ndizo shibe yangu.

Mama mkwe wangu, Bi Somoe, hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo niliinama kuinua sinia la wanaume nikaona kiza, nikakaa chini palepale. Akalichukua yeye, akalipeleka barazani kwa baba mkwe, mume wangu na wageni wao kutoka Mingoyo. Alipolitua, akanyanyua kipande kikubwa kuliko vyote, akakiweka kwenye sahani yangu aliyokuja nayo, huku wakimtazama. Nilitamani ardhi inimeze. Mume wangu akauliza kwa upole kulikoni.

"Wewe nilikufungisha saumu ukiwa tumboni," mama akamjibu. "Nikazaa upesi, wenzangu wakanipongeza, kisha nikakuuguza utoto wako wote. Huyu wa mkeo hafungi."

Baba mkwe akasogeza na kipande cha ndimu, kiende na samaki. Nikala huku nalia, na tangu hapo sahani yangu ilipakuliwa kabla ya sinia. Majirani walisema sana, wakachoka wenyewe.

Binti yangu Mwanahawa alizaliwa amejaa. Uzazi haukuwa mwepesi, sikufichi, lakini nilikuwa mikononi mwa wakunga wa kituo cha afya, tukatoka salama. Leo ana wajukuu na bado analima ufuta wake mwenyewe. Mkiongozana naye shambani, wewe ndiye utakayeomba kupumzika. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwembamba maisha yake yote, na bado kisukari na presha vilimwanza mapema. Tukadhani karogwa. Nesi wa kliniki ndiye aliyetueleza kwamba mwili ulionyimwa chakula tumboni huzoea kubana matumizi, na ukubwani shibe inaweza kuushinda. Si wote, alisema, na mama asilaumiwe, kwa sababu mara nyingi si yeye anayepakua. Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumbe siku ile mama alikuwa ananiomba radhi." Nilijivunia kuwa mkwe wa mwanamke yule, na najivunia hadi leo.

Basi, mwanangu, mkeo akishika mimba usingoje tumbo lionekane. Mpeleke kliniki mapema, umsindikize mwenyewe. Ale samaki, ale mayai, ale mboga, na wewe umtue mzigo wa kuni. Mtoto akizaliwa apewe ziwa la mama tangu maziwa ya kwanza, yale ya manjano. Asije mtu akakwambia yakamuliwe chini. Uzee wa mtoto huyo unaandaliwa sasa, na wewe una mkono ndani yake. Mwenyezi Mungu akujaalie watoto wenye afya, wazeeke wakiwa na nguvu zao, na wao ndio wakuzike wewe, usiwazike wewe.